Hata Mimi Usinipe

"Umenyimwa ruhusa," kompyuta ilimwambia.

Haikutoa sauti, iliandika tu, ndani ya kisanduku cheupe katikati ya skrini. Ilikuwa inaandika Kiswahili tangu siku Injinia mwenyewe alipoibadilisha lugha ili mkewe asipate taabu, na asubuhi hii Kiswahili hicho hicho kilikuwa kinamsuta. Akabonyeza tena kwa nguvu, utadhani shida ilikuwa kipanya kuwa kiziwi. Umenyimwa ruhusa. Akavuta kiti mbele, akafuta jasho juu ya mdomo, akabonyeza polepole, kwa adabu. Kompyuta haikujali nguvu wala adabu.

"Injinia, imefunguka?" mkewe aliuliza kutoka chumba cha mbele.

"Bado kidogo."

"Maana Matroni anakuja mchana kuangalia sampuli."

"Nimesema bado kidogo, mama watoto."

Injinia halikuwa jina lake, na injinia hakuwa. Alikuwa mtunza kompyuta wa kampuni moja ya kusafirisha mizigo, yule wa kuitwa mbiombio printa ikigoma, mpaka kampuni ilipoamua kupunguza watu ikaanza na yeye. Jina hilo alipewa na mkewe, siku aliyofanya jambo ambalo mpaka leo ndilo kubwa kuliko yote aliyowahi kuifanyia nyumba yake. Mkewe alikuwa amenunua mashine ya kudarizi iliyokwishatumika, nzima na yenye nguvu, ila programu yake ya kuchorea nembo ilikuwa ya kizee, na ilikataa katakata kukaa kwenye kompyuta mpya. Mafundi walikuja, wakakuna vichwa, wakala nauli, wakaondoka. Ndipo yeye akajifungia na kompyuta ile ya mezani siku yake ya mapumziko, akatengeneza ndani yake kompyuta nyingine ya kizamani, isiyo na chuma wala waya, inayowaka na kuzimika kama ya kweli na kumbe ni faili tu. Wenyewe wanaiita mashine pepe. Programu ya kizee ikajikuta nyumbani, ikakubali. Mkewe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Siku hiyo hiyo alimfungulia akaunti yake peke yake, na folda zake akazifunga kwa nywila.

"Usimpe mtu," alimwambia. "Mteja asikudanganye, fundi asikudanganye. Hata mimi usinipe."

"Hata wewe?" mkewe alicheka.

"Hata mimi. Nikikuomba, ninyime."

Alikuwa na mshahara siku zile. Mtu mwenye mshahara husema maneno makubwa bila kufikiri kwamba yatakuja kumdai.

Tangu kazi iishe, nyumba hii ilikuwa inakula kwa sindano ya mkewe: nembo za shule, majina juu ya makoti, maua juu ya foronya za maharusi, na sasa zabuni iliyowatia watu wivu mtaa mzima, nembo za mashati ya chuo cha wauguzi. Wahitimu walikuwa wanavalishwa Ijumaa. Matroni wa chuo, mama mmoja mkali mwenye saa iliyobanwa kifuani, alikuwa amesema wazi kwamba kazi hii ikienda vizuri, chuo hakitatafuta mtu mwingine tena. Isipokwenda vizuri hakusema itakuwaje. Hakukuwa na haja.

Na nembo yenyewe, iliyochorwa kwa jicho na subira, taa ndogo katikati na maandishi kuizunguka, ilikuwa ndani ya mashine pepe. Na mashine pepe tangu jana mchana haifunguki. Na aliyeifanya isifunguke alikuwa amekaa mbele yake, amejikaza, anajifanya daktari wa mgonjwa aliyemsukuma mwenyewe ngazini.

*

Ilianza na jambo jema, au yeye alilihesabu jema. Rafiki yake wa kazini, waliyemwita Kebo, aliyebaki kule kampunini wengine walipotoka, alikuwa amemtonya kwamba mahali fulani wanatafuta mtu. "Lakini hawataki vyeti," Kebo alisema. "Watakukalisha mbele ya kompyuta wakwambie, haya, tengeneza mashine pepe, igawie diski, panga ruhusa. Ukiweza, kazi yako."

Injinia hakumwambia mkewe. Usaili uliopita mkewe alimpigia pasi shati, akamwombea, akamsindikiza mpaka barabarani, na yeye akarudi na jibu lile lile la siku zote, wakala chakula bila kutazamana. Safari hii alitaka aende kimya. Akishindwa, ashindwe peke yake.

Ila mazoezi yanataka nafasi, na diski ilikuwa imejaa. Kitu kikubwa kuliko vyote humo kilikuwa faili la mashine pepe ya mkewe, lililokaa nje ya zile folda za nywila. Basi jana mchana, mkewe akiwa chumba cha mbele na kazi zake, akalihamishia kwenye diski ya pili. Alikuwa na wazo la kulirudisha jioni kabla mwenyewe hajajua. Kufika kule, faili likagoma kufunguka. Akataka kulirudisha lilikotoka, likagoma kurudi. Lilikuwa linamjua mmiliki mmoja tu, akaunti ya mkewe, na huko lilikopelekwa akaunti hiyo haikuwa na haki hata ya kuchungulia. Akabaki nalo katikati, halipo huku wala kule.

Angeweza kusema pale pale. Hatua ishirini hazikuwepo kati yake na mkewe, ulikuwepo mlango tu, na ulikuwa wazi.

Sasa mkewe alikuja akasimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, uzi wa bluu umenata kwenye kanga yake.

"Kwani imepatwa na nini?"

"Umeme," Injinia alisema. Neno lilimtoka lenyewe, laini kabisa. "Jana mchana ulikatika ukarudi kwa kishindo. Diski hazipendi mambo hayo."

"Jana mchana?"

"Jana mchana."

Mkewe alimtazama. Akaigeukia mashine yake ya kudarizi kule chumba cha mbele, akaitazama na yenyewe, kisha akamrudia mumewe.

"Haya," alisema.

*

Mama mkwe alikuwa nao mwezi ule, amekuja kutibiwa goti. Habari za mashine kuugua zilimfikia jikoni, akaja nazo chumba cha kompyuta pamoja na kikombe cha chai.

"Pole, mwanangu. Naambiwa umehangaika nayo tangu alfajiri."

"Shikamoo, mama. Asante. Ndiyo hivyo."

"Marahaba. Chai hiyo, nimekutilia sukari ya kutosha. Mtu akifanya kazi ya kichwa anataka sukari." Akajikalisha taratibu kwenye kiti kando yake, goti mbele. "Hebu nieleweshe. Mwenye mali anasema imeharibika mashine pepe. Pepe ndiyo nini? Maana kwetu pepe ni punje ya mpunga isiyo na kitu ndani. Kwa macho ni mpunga, ukiipepeta inaruka na upepo."

"Hii ni tofauti, mama. Ni mashine ambayo ipo lakini huwezi kuishika."

"Ipo lakini haishikiki." Mama mkwe alilipima hilo. "Mbona na wanaume wako wa hivyo," akasema, akacheka kwa sauti, akampiga kofi dogo la begani kuonyesha kwamba ni mzaha. "Si wewe. Wewe nakuona unavyojitahidi."

Injinia alicheka pia. Chai ilikuwa tamu mno, ikamkaa kooni. Kusukumwa kidogo na mama mkwe angestahimili. Kilichomuumiza ni zile pole. Kila mtu nyumba hii alikuwa anampa pole. Mkewe asubuhi alimwekea mayai yote yaliyobaki. Fundi viatu wa nje, aliyekuja kuazima mkasi, alimwambia bahati gani kuwa na mtaalamu ndani ya nyumba. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na haya yenyewe ikamfanya akazane zaidi, kwa haraka zaidi, na haraka katika kazi ile ndiyo sumu.

Njia fupi ilikuwepo. Angemwita mkewe, afungue akaunti yake kwa nywila yake, ampe faili ruhusa, mambo yakaisha kabla chai haijapoa. Lakini huwezi kumwomba mtu nywila bila kumweleza kwa nini, na akaunti ile ingemwonyesha mkewe faili limehamishwa lini na nani. Umeme hauhamishi mafaili.

Basi akapita njia ndefu. Alikuwa msimamizi wa kompyuta ile, na msimamizi ana mamlaka yake. Akaingia kwenye sifa za faili, akatafuta palipoandikwa mmiliki, akakuta jina la mkewe. Akalifuta. Akaandika la kwake. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

Akabonyeza ndiyo.

Mara faili likawa pole kama mwanakondoo. Akatengeneza mashine pepe mpya kwenye akaunti yake mwenyewe, akaipachika diski ile, akaiwasha. Skrini ikawa nyeusi, ikakonyeza, ikaleta ule mlio wa kizamani wa kukaribisha.

"Imewaka!" alipiga kelele.

Mama mkwe alipiga kigelegele akasahau goti. Mkewe akaja mbio, mikono miwili kifuani. "Alhamdulillahi, Injinia. Alhamdulillahi." Akainama juu ya bega lake, akishika kipanya mwenyewe, harufu ya mafuta ya mashine mikononi. Akaifungua programu. Akafungua orodha ya nembo. Akaishusha mpaka mwisho, akaipandisha, akaishusha tena.

"Ya wauguzi iko wapi?"

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Za zahanati hazipo. Za shule ya msingi hazipo. Maua ya foronya hayapo." Akaweka kidole kwenye skrini. "Hii ya mwisho hapa ni ya kwaya. Si ile tuliyoifanya wewe ukiwa bado kazini?"

Mama mkwe alishusha mkono aliokuwa ameuinua kwa furaha, akaanza kusugua goti lake.

Mashine ilikuwa imeamka, naam, lakini imeamka mwaka uliopita. Kazi yote aliyoifanya mkewe tangu yeye aachishwe, yote iliyolisha nyumba, ilikuwa haimo.

*

Alikwenda kupiga simu nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, mahali pa watu wasiotaka kusikika.

"Injinia wa ukweli!" Kebo alipokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za ofisi, kicheko cha mtu anayejulikana, printa. Injinia aliitambua printa ile kwa mlio wake. "Umejiandaa? Keshokutwa hiyo."

"Nina swali. La mtu mmoja, jirani."

"Mlete."

Akamweleza ya jirani. Kebo alisikiliza, na jinsi alivyozidi kusikiliza ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua mzaha.

"Huyo jirani, alipoitengeneza mashine yake, aliipiga picha?"

Injinia akafumba macho. Alikuwa amesahau. Alikuwa amesahau kabisa. Ukimaliza kuitengeneza mashine pepe, fundi mwangalifu huipiga picha, yaani huiambia kompyuta ikumbuke hali hii. Kuanzia hapo diski ya chini haiguswi tena. Kila kipya huandikwa kwenye faili jingine juu yake, kama mtu aliyefunika ukurasa kwa plastiki akawa anaandika juu ya plastiki. Ukurasa na plastiki vikikaa pamoja unasoma yote. Aliipiga picha ile kwa kujiona hodari, na hakuiondoa. Ukurasa ndio alioubeba jana. Plastiki ilikuwa bado ndani ya folda za mkewe, imefungwa kwa nywila ya mkewe, salama salimini.

"Aliipiga," alisema.

"Basi hana tatizo. Mwenyewe afungue akaunti, warudishe diski chini ya faili la juu, waipe ruhusa, kwisha. Mradi tu asiiwashe ile ya chini peke yake. Akiiwasha itajiandikia mambo yake, na ya juu ikirudi haitakaa sawa. Maandishi yatapandana." Kebo akangoja. "Injinia. Hajaiwasha?"

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye bomba la tangi, na jingine.

"Sasa jirani yako alishindwa nini kumwomba mwenyewe nywila? Dakika moja tu," Kebo alisema.

"Sijui."

"Wakikuuliza swali hili keshokutwa utawajibu nini?"

"Nitasema diski ya chini usiiguse."

"Ehee," Kebo alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kicheko. "Mpe jirani pole yangu."

*

Matroni alifika mchana kama alivyosema. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba cha mbele, mkoba kwapani, akiangalia rundo la mashati meupe yasiyo na kitu kifuani.

"Sampuli yangu?"

Injinia alikuwa kwenye kiti chake chumba cha pili, mlango wazi, mgongo umewageukia. Alikuwa anaangalia skrini na haoni kitu.

"Samahani sana, mama," alimsikia mkewe. "Mchoro umepata hitilafu."

"Hitilafu gani? Si ulinionyesha juzi kwenye kompyuta, nikaukubali?"

"Ndiyo. Kosa ni langu, mama. Nimeichezea kompyuta, nimebonyeza nisipopajua."

Kidole cha Injinia kilisimama juu ya kipanya.

Matroni alivuta pumzi ya mtu aliyezoea kuwagombeza wasichana. "Ndiyo maana mimi nilitaka kupeleka kwa yule bwana wa sokoni, mwenye ofisi. Watu wakanambia hapana, huyu mama ni makini. Umakini gani huu wa kubonyeza usipopajua? Wasichana wangu wamenunua mashati kwa jasho la wazazi wao. Nikawavalishe vifua vitupu?"

"Nisamehe, mama."

"Bahati yako unaye mume anayejua." Viatu vyake vililia sakafuni, akachungulia chumba cha pili. "Baba, hujambo? Kazi unayo, naona. Kusafisha alikochafua mwenzio."

Huo ulikuwa mlango mwingine, nao ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kugeuza kiti.

"Sijambo," Injinia alisema. "Tunajaribu."

Tunajaribu! Alilisikia neno lake mwenyewe likitoka, likitembea sebuleni, likimpita mama mkwe, likaenda kumkuta mkewe amesimama kati ya mashati kama mtoto aliyevunja sahani. Matroni alisema atarudi kesho mchana, na kama hakuna kitu atayabeba mashati yake yote. Akaenda zake.

Mama mkwe alimsindikiza mgeni kwa macho, kisha akamgeukia binti yake. "Wewe mtoto, si nilikwambia vitu vya watu usivyovijua usivishike?"

"Uliniambia, mama," mkewe alisema.

*

Jua lilikuwa bado halijashuka Injinia alipokwenda chumba cha mbele. Mama mkwe alikuwa bafuni. Mkewe alikuwa amekaa mbele ya mashine yake ya kudarizi, ameizima, ameiegemea kwa kiwiko.

"Umeme haukukatika," alisema.

"Najua."

Alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yakapeperuka. "Unajua?"

"Jana mchana nilikuwa nadarizi foronya za bibi harusi." Mkewe hakupandisha sauti. "Tangu baada ya kula mpaka watoto waliporudi kutoka shule. Ungekatika, sindano ingesimama katikati ya ua. Haikusimama."

Injinia alitazama foronya. Zilikuwa zimekunjwa juu ya meza, maua mekundu yamekamilika, hayana kasoro.

"Mlango ulikuwa wazi," mkewe aliendelea. "Mashine hii ikipiga kazi fundi viatu anaisikia huko nje. Wewe ulikuwa hapo, na hukuisikia. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kuliko uongo. Siku hizi huisikii kabisa mashine yangu."

"Kwa nini hukunisuta pale pale?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Na kwa Matroni? Ukabeba kosa langu mbele ya watu."

"Nilisema ni langu ili upate nafasi ya kusema si langu." Akachuna uzi wa bluu kutoka kwenye kanga, akauviringisha kwenye kidole. "Ukasema tunajaribu."

Injinia hakuwa mtu wa kulia na hakulia, lakini alijikuta amekaa juu ya rundo la mashati ya wauguzi, kisha akakumbuka ni mashati ya watu akainuka haraka. Akamweleza yote akiwa amesimama: usaili, mazoezi, diski iliyojaa, faili, jina la mkewe alilolifuta akaandika lake. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniomba," alisema tu.

"Nakuomba sasa. Nahitaji nywila yako."

"Uliniambia hata wewe ukiniomba nikunyime."

"Nilikwambia."

Mkewe aliinuka, akapita mbele yake, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Injinia alisimama nyuma, na mkewe alipoweka vidole kwenye kibodi, yeye akageuka akaangalia ukuta, kama alivyomfundisha kwamba mtu mwenye adabu hufanya mwenzake akiandika nywila. Alisikia vidole vikigonga. Vilikuwa na haraka kuliko alivyodhani. Kulikuwa na msumari ukutani, na juu ya msumari shati lake la usaili, halijapigwa pasi.

"Geuka," mkewe alisema. "Sema nifanye nini."

Akamwelekeza, na mkewe akafanya kwa mkono wake: kuandika upya jina lake mwenyewe palipoandikwa mmiliki, kurudisha diski chini ya faili lake la juu, kuwasha. Mashine iliamka ikiyumba, ikilalamika, ikileta visanduku vya makosa kimoja baada ya kingine. Maua ya foronya yalirudi. Za zahanati zilirudi, nyingine zimekatika miguu. Nembo ya wauguzi ilifunguka nusu. Taa ilikuwa nzima, na maandishi kuizunguka yalikuwa vurugu ya nyuzi, hayasomeki.

Kebo alikuwa amesema kweli. Yalikuwa yamepandana.

"Nitaichora upya," mkewe alisema.

"Mpaka kesho mchana?"

"Taa ipo. Herufi nitazichora." Alikuwa ameshaanza. Baadaye kidogo, bila kuondoa macho kwenye skrini, akauliza, "Usaili ni lini?"

"Keshokutwa."

"Lishushe hilo shati. Nikipata nafasi nitalipiga pasi."

"Nitalipiga mwenyewe," Injinia alisema.

*

Siku ya pili mchana Matroni alikuta mashine inanguruma. Injinia aliisikia vizuri, tangu asubuhi hakusikia kingine; alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake akikata nyuzi zilizoning'inia, kazi ya mwanafunzi. Shati la kwanza lilikuwa tayari juu ya meza. Matroni alilipeleka dirishani, akapitisha kucha juu ya herufi, akalisogeza karibu na macho, akalirudisha mbali.

"Sawa," alisema. Kwa Matroni, hilo lilikuwa shairi zima.

Mama mkwe hakuweza kuvumilia. "Mshukuru mkwe wangu huyo," alisema kutoka kwenye kochi, goti mbele. "Binti yangu aliiharibu, yeye akaketi nayo mpaka ikakubali. Angekuwa mume mwingine angefoka. Huyu hata sauti hakupandisha."

Matroni alimwinamia Injinia kidogo, heshima ya mtu mkubwa kwa fundi. "Hongera, baba."

Mkewe hakumtazama. Alikuwa anaongoza shati la pili chini ya sindano, na sindano ilikuwa inashona.

"Si yeye aliyeiharibu," Injinia alisema. "Ni mimi."

Ilibidi arudie, maana mashine ilikuwa na kelele.

"Ni mimi niliyeiharibu, mama. Nilihamisha vitu vyake bila kumwomba. Kisha nikasema uongo kwamba ni umeme. Jana alipokuomba msamaha alikuwa ananifichia mimi, na mimi nilikuwa hapo ndani, nikasikia, nikanyamaza. Na nembo hii amechora yeye. Mimi nimekata nyuzi."

Sindano ilisimama.

Matroni alimtazama kuanzia miguuni, taratibu, kama anavyotazamwa mgonjwa anayedai haumwi. Kisha akamgeukia mkewe. "Pole, mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mama mkwe alikuwa amefungua mdomo. Injinia alijua neno lililokuwa linakuja. Alilingoja tangu jana, akajua ni lake, ni la saizi yake kabisa. Punje isiyo na kitu.

"Mama," mkewe alisema, "usiseme."

"Kwani nimesema?"

"Usiseme."

Mama mkwe alifunga mdomo. Akamtazama mkwe wake kwa muda, kisha akaangalia dirishani, akasema "Kumbe," polepole.

Hakukuwa na mahali pa kuficha uso chumbani mle. Injinia akabaki kwenye kigoda, masikio yakimwaka, akiangalia nyuzi nyeupe zilizomwagika kuzunguka miguu yake. Sindano ilikuwa bado imesimama ndani ya kitambaa, katikati ya herufi. Mkewe alinyoosha mkono upande wake bila kugeuka, kiganja wazi.

"Injinia," alisema. "Mkasi."

Akampa.